Bunduki ya Upepo ya Perina

Perina, mjane wa kaka yangu, anauza magazeti na sigara kwenye kibanda cha gatini, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mpiga samaki kwa mkuki hodari kuliko wanaume wote wa upande huu wa kisiwa cha Vis. Anayebisha aje kwangu nimtajie chewa wake mmoja mmoja, na mwamba aliomtolea kila mmoja. Alikuwa anazama kwa pumzi yake mwenyewe. Hapa kwetu anayemfuata samaki na mtungi wa hewa mgongoni hatumwiti mpiga samaki, tunamwita mwizi, na akifika gatini hakuna anayemdakia kamba ya boti.

Halafu mwaka juzi, wakati wa kuchuma zeituni, ngazi ikateleza. Bega lake la kulia likavunjika vibaya. Madaktari wa mji wa Split, ng'ambo, wakalitia chuma, wakafanya kazi nzuri tu, lakini mkono haukupanda tena juu ya sikio. Kwa mtu mwingine ingekuwa shida ya kuanika nguo. Kwa Perina ulikuwa mwisho wa bahari, maana bunduki yake ya kurushia mkuki ilikuwa ya mipira, na mipira ile huvutwa kwa mikono miwili mpaka kifuani, kwa nguvu za kuumiza hata mzima. Nilimwona akijaribu pale kwenye ngazi za gati, baridi ilipopungua. Alijaribu mpaka midomo ikawa myeupe. Kisha akaiweka chini taratibu, akaenda kufungua kibanda, akaniuzia sigara bila kunitazama usoni. Iliniuma sana, sitaficha.

Kaka aliacha boti ya mbao, kazi ya mikono ya baba yetu. Kuna bwana mmoja wa Split, mpole, mwenye nazo, alikuwa anaitamani. Kila akija likizo anaipapasa ubavuni mpaka unaona haya kutazama. Siku moja tulikuwa mezani kwangu, na sahani ya dagaa wa chumvi na divai iliyotiwa maji, Perina akafuta midomo akasema:

"Shemeji, nimempigia simu yule mtu wa Split. Nimemwambia Jumapili saa sita mchana anipigie, nitampa jibu la boti."

"Jibu gani? Boti hiyo utamuuzia mtu anayevaa viatu vyeupe?"

"Tulia kwanza. Barba Zvane anauza bunduki yake ya upepo. Ile haivutwi, inasukumwa. Nikiweza kuipakia mwenyewe, baharini, bila mkono wa mtu, boti inabaki. Nisipoweza, aichukue. Boti ya kukaa gatini inaota majani mimi siitaki."

"Mbona rahisi? Nitakupakia mimi."

"Wewe?" Akacheka mpaka akashika meza. "Wewe, Srećko, maji yakikufika magotini unaanza kuaga watu! Halafu nikikutegemea wewe, kila samaki nitakayemkosa nitakulaumu wewe. Mwenyewe, au basi."

Perina akishakata maneno, hata kaka alikuwa anachukua kofia na kutoka nje.

Barba Zvane, barba ndivyo tunavyowaita wazee hapa kwetu, ni mwokaji mikate mstaafu, mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja tu: mafuta yake ya zeituni. Kila nyumba kisiwani inaamini mafuta yake ndiyo bora, lakini Zvane anaamini kwa niaba ya nyumba zote. Anayapaka kwenye mkate, kwenye bawaba za milango, kwenye masikio ya wajukuu, kwenye mnyororo wa baiskeli. Ukiyasema vibaya umemtukana mama yake.

Alitushushia bunduki kutoka kwenye msumari wa ghala lake la divai, akaifuta vumbi kwa kiwiko.

"Ina upepo ndani?" Perina akauliza.

"Upepo ule ule niliouacha nilipoitundika. Haujapungua hata kidogo."

"Hebu tuone."

Bunduki ya aina hii ni bomba lililojaa hewa iliyobanwa. Unausukuma mkuki ndani ya mtutu, mkuki unairudisha pistoni nyuma mpaka inanaswa; ukifyatua, hewa inaitupa pistoni mbele na mkuki unaondoka. Basi. Lakini Perina aliikagua kana kwamba anamkagua mchumba wa binti yake. Alitoa mkuki, akaubingirisha juu ya meza ya marumaru huku ameinama, jicho usawa wa meza, anatafuta upenyo wa mwanga chini yake. Umenyooka. Akamulika tochi ndani ya mtutu kutafuta mikwaruzo. Akapitisha ukucha kwenye mdomo wa mtutu, akakuta chumvi nyeupe kidogo, akaguna. Akafungua kifuniko cha nyuma, akatema mate kwenye valvu bila haya yoyote mbele ya mwenye mali, akasubiri kuona kama yatatoa povu. Hayakutoa.

"Valvu nzima," akasema.

"Nilikwambia!" Zvane akanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyekuwa na shaka.

Kisha Perina akachukua fimbo ya mbao, akaiegemeza bunduki ukutani, akaisukuma pistoni kidogo kwa mkono wa kushoto na kuiachia. Pistoni ilirudi, lakini ilirudi kivivu, inanata. Akarudia. Akainama, akasogeza pua kwenye mdomo wa mtutu, akanusa. Nikamwona anauma mdomo asicheke.

"Barba, humu ndani ulitia mafuta gani?"

Zvane akavimba kifua. "Unauliza? Ya kwangu mwenyewe! Ya mavuno ya kwanza!"

Mimi nikageuka kutazama mapipa. Ni sisi tu, watu wa visiwa hivi, tunaoweza kufanya kosa hilo. Bunduki ya upepo inataka mafuta ya mashine, mepesi, kidogo tu. Mafuta ya zeituni ukiyaacha miaka chumani yanageuka gundi, na ringi za mpira zinavimba na kuoza.

"Ringi zimekwisha, Barba. Na pistoni inanata."

"Mafuta yangu hayajaua mtu!"

"Mtu hapana. Ringi."

"Padre nilimpaka haya haya gotini, akapanda mlima na msalaba begani!"

"Goti la padre halina ringi za mpira."

"Padre ana kila kitu!" Zvane akafoka. Na mimi hapo nikashindwa, nikacheka mpaka machozi, mzee akanitazama kwa jicho la kuua.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimpende huyu mwanamke. Angeweza kumvua nguo mzee wa watu na kushusha bei. Badala yake alimshika mkono, akasema, "Barba, mafuta ni mazuri mno, hilo ndilo tatizo. Hii bunduki imezoea vya karakana. Umeilisha chakula cha wakubwa, tumbo likakataa." Zvane akafikiri. Akatikisa kichwa taratibu, akakubali kwamba bunduki ndiyo yenye makosa. Tukatoka na bunduki kwa bei ya kirafiki, na chupa ya mafuta yake kama nyongeza.

Siku zilizofuata, aliyetaka gazeti alilazimika kuomba. Kaunta ya kibanda iligeuka karakana. Kwanza alitoa upepo wote, akasubiri, akajaribu pistoni tena kuhakikisha hakuna kilichobaki, maana anayeifungua bunduki hii na upepo ndani anafungua bomu. Kisha akaitoa pistoni imepakwa utando wa rangi ya asali, akailoweka kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo. Akatia ringi mpya, akabadilisha shokapu ndogo ya mpira iliyo mdomoni, ile inayopokea pigo la pistoni. Mkono wa kulia ulishika, wa kushoto ulifanya kazi. Mimi nilinyoosha mkono kumshikia spana, nikapigwa kofi la vidoleni.

"Mwenyewe," akasema.

Halafu zikaja akili zake mwenyewe. Fundi kerezo wa mji wa Komiža alimtengenezea mdomo mpya wenye mpira mwembamba unaoubana mkuki, ili maji yasiingie kwenye mtutu. Bunduki ya kawaida inapofyatuka hupoteza nguvu kusukuma maji yaliyojaa ndani. Yake ingefyatuka kavu, hivyo upepo mdogo ungetosha kufanya kazi ya upepo mwingi. Mwishoni mwa mkanda mrefu wa kiti cha gari akashona kitanzi, akakiwekea bitana ya kipande cha suti yake ya zamani ya kuzamia, mguu uingie humo. Mti wa kusukumia mkuki, ambao huwa mdogo wa kiganja, aliuchonga mrefu na mnene, akaufunga kwenye ncha ya pili ya mkanda huo. Nikauliza wa nini wote huo. "Mkono wangu wa kushoto utanyooka tu kushika kitako, hautasukuma," akanijibu. "Mguu ndio utakaosukuma. Mguu sikuuvunja."

Ijumaa tuliteremka kwenye ngazi za gati kuijaribu, na bila shaka kijiji kizima kilikuwa na shughuli pale pale. Jakša, mvuvi mwenye sauti ya kuita meli, ndiye aliyeshika pampu.

"Jaza mpaka mwisho!" akasema. "Bunduki dhaifu ni ya kupigia pweza wa bandarini."

Wanaume wa hapa hujisifu kwa upepo. Ukiwa na bunduki ya upepo unaijaza mchana, watu wakiona, halafu ukifika nyumbani unapunguza kimya kimya ili uweze kuipakia. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Perina akawaacha wajaze. Akaingia majini, akaweka mguu kwenye kitanzi, akanyoosha. Mkuki ukaingia nusu, ukamrudisha, ukamtupa ubavu kwenye jiwe. Alishika bega. Hakulia, ila rangi ilimtoka. Nilimwona yule bwana wa Split akiipapasa boti yetu, ingawa hakuwapo.

Perina akapanda ngazi, akakaa, akaigeuza bunduki, akafungua kifuniko, na mbele ya watu wote akabonyeza valvu. Psss. Akasikiliza, akabonyeza tena.

"Perina!" Jakša akashika kichwa. "Unaitoa roho!"

"Natoa majivuno, Jakša. Roho inabaki."

"Haitampiga hata dagaa!"

"Ya kwako nyumbani inampiga nani, baada ya kuipunguza?"

Mke wa Jakša ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Lakini Perina hakujaribu tena siku ile. Bega lilikuwa limevimba, na Jumamosi nzima alikaa kibandani amelifunga taulo la barafu. Sikumuuliza kitu. Niliogopa jibu.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilimpeleka kwenye rasi kwa boti. Bahari ilikuwa shwari, maji yanaonyesha mpaka mawe. Akaniwekea simu yake kwenye ndoo kavu, akaniambia nikae na makasia, mikono nisiitoe. Akaingia.

Mara ya kwanza mkuki ulifika nusu ukarudi. Mara ya pili aliteleza, akameza maji, akakohoa. Mimi nilikuwa nimeyakamata makasia mpaka vidole vinauma, na Mungu anisamehe, nilikuwa natukana, mara bunduki, mara ngazi ya zeituni, mara kaka kwa kufa mapema. Kisha akajilaza ubavu majini, akageuza uso pembeni, mkono wa kushoto ukanyooka pale pale kando ya mwili, umeshika kitako, na mguu ukaanza kutoka, polepole, polepole, mpaka goti likanyooka lote. Tak, pistoni ikanasa.

Nilipiga kelele. Ndege waliruka mwambani.

Hakunitazama. Akavuta pumzi, akainama, akazama. Nikahesabu, nikachanganyikiwa, nikaacha. Akaibuka mkuki unaning'inia kwenye kamba, hauna kitu.

"Nimemkosa!" akaita, na sijapata kusikia mtu akilitangaza kosa kwa furaha vile. "Srećko, nimemkosa wazi! Mkuki umepita juu yake kwa nguvu, hujaona!"

"Panda upumzike basi!"

"Nipumzike nini? Si lazima niipakie tena?"

Ile ya kwanza ningeweza kuiita bahati. Lakini alijilaza ubavu tena, akanyoosha mkono, mguu ukatoka, tak. Akazama, akakosa, akapakia. Akazama, akakosa, akapakia. Samaki wa rasi ile siku ile walikuwa salama kuliko watu waliokuwa kanisani, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye boti ya baba yangu nalia waziwazi, kamasi na yote.

Simu ikalia kwenye ndoo. Saa sita.

"Habari za mchana," sauti ya kipole ikasema. "Samahani kwa usumbufu wa Jumapili. Naomba kuzungumza na mama Perina kuhusu boti."

Nikatazama. Alikuwa ameshapakia tena; akavuta pumzi, akainama, mapezi yake ya miguuni yakapanda juu mara moja, yakashuka bila kurusha maji.

"Hayupo," nikamwambia. "Yuko chini."

"Basi nitasubiri. Atapatikana saa ngapi?"

"Usisubiri, bwana," nikasema. "Mwenye boti yuko kazini."

Nikairudisha simu kwenye ndoo, nikashika makasia, nikamngoja apande.