Risasi za Mjomba Zilikaa kwa Mama Neema

Kosa langu la kwanza katika mambo ya bastola nililifanya nikiwa darasa la tano: nilisoma mwaka uliochongwa kwenye mtutu nikaamini ndio mwaka ilipotengenezwa.

Hadi leo nikinusa mafuta ya cherehani yaliyochanganyika na tumbaku kavu, namwona Mjomba Sabasi kwenye kigoda nje ya ghala la chama chetu cha wakulima, Katumba, akiipangusa bastola ya ghala. Mjomba alikuwa mlinzi. Bastola ilikuwa kuukuu, ya aina ile ambayo ukivuta triga tu, nyundo inajiinua na kupiga yenyewe. Kwa hiyo Mjomba aliiogopa kuliko wezi. Aliivaa kiunoni ikiwa tupu. Risasi alimkabidhi mkewe, Mama Neema, naye alizifunga kwenye pindo la kitenge akaenda nazo kokote.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuhakiki kila kitu. Nilikokotoa, nikarudia kukokotoa, nikapata kwamba bastola ilimzidi umri babu wa babu yangu. Nikakitangazia kijiji kizima. Habari zikamfikia mwenyekiti wa chama, akaja na afande wa kukagua silaha. Mwenyekiti akasema kama chuma kile ni cha kale hivyo hakifai tena, na mlinzi wake naye arudi shambani akalime mahindi.

Nilitamani ardhi inimeze.

Afande aliigeuzageuza bastola, akaniita. Mwaka ule, alinieleza, ni wa kusajiliwa kwa ubunifu wake; umri wa bastola yenyewe hutafutwa kwa namba yake ya kiwandani, na hii pengine ni rika la baba yako. Bado inafaa. Kisha akafungua gurudumu la risasi, akakuta matundu yote matupu.

"Mzee, risasi ziko wapi?"

"Ziko Kashaulili, afande. Zimekwenda sokoni kuuza mihogo."

"Na mwizi akija?" mwenyekiti akauliza.

"Atasubiri kidogo. Mama Neema huwa hachelewi."

Afande alicheka mpaka akavua kofia, halafu akaivaa tena ili amkaripie vizuri: risasi hazibebeshwi mke, zifungiwe kwenye sefu ya chama. Mwenyekiti akakiri, kwa shingo upande, kwamba hakuna robota la tumbaku lililowahi kupotea. Mjomba akabaki na kazi. Mama Neema aliporudi akafungua pindo lake na kusema afadhali, zilikuwa zinamchoma mbavu.

Nilikuja kuelewa ukubwani. Mjomba alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto, akikimbia milio ya bunduki. Haikuwa kwamba alisahau kuijaza bastola ile; hakutaka kuisikia ikilia.

Siku hizi nikikuta namba kwenye kitu cha zamani, nauliza kwanza inahesabu nini. Halafu namuuliza mwenye kitu.