Skrubu ya Besi ya Baba

Juzi, hapa Nzuguni, nilimkuta fundi akisugua kutu kwenye daraja la gitaa la besi, kile chuma kinachoshika nyuzi. Harufu ya mafuta ya cherehani ikanirudisha kwa baba. Alasiri moja ya utoto wangu alikuwa amelipakata besi lake, akilifuta daraja kwa kigauni changu cha zamani. Akapiga uzi mmoja, duuung, akautegea sikio.

"Tulia, mama," akasema bila kuinua uso.

Mama! Jina langu mimi, analipa besi! Wivu ukanishika. Nikaiba skrubu moja ya daraja, nikaitumbukiza chooni. Jumapili kwaya ya baba kanisani ikaimba bila besi.

"Tulia, mama, namalizia," fundi wa juzi naye alisema. Nyuma yake binti yake mdogo alikuwa analia.

Siku ile nami nilikuwa nyuma ya baba, nalia.