Shemeji Alijibu Haraka

Wiki hii nilikuwa kwenye foleni ya eksirei katika hospitali moja ya Lilongwe. Mbele yangu alisimama mama kijana wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye kabaza, ile baiskeli ya abiria, na nyonga ilimuuma. Shemeji yake, ndugu wa mumewe, ndiye aliyemtafsiria Kichewa.

Mlangoni, mpigaji picha za eksirei akauliza kwa Kichewa kama ana mimba. Shemeji akajibu papo hapo, “Hana.” Mama hakuwa amefungua kinywa.

Nikamwinamia. “Dada, banakuuliza kama uko na mimba. Hii mashine inaweza kuumiza mutoto.”

Akatazama sakafu. “Shemeji atoke kwanza.”

Alipotoka nje, mama akasema polepole, “Niko nayo. Bado sijaambia bwana.”

Nikamtafsiria mpigaji picha, na picha haikupigwa. Alirudishwa kwa daktari, mtoto aangaliwe kwanza. Mpigaji picha akaegemea mlango, macho mekundu kwa uchovu.

“Tangu asubuhi nauliza swali hilo,” akaniambia, “na wanaume ndio wananijibu.”

Huko nje shemeji alikuwa akiwalalamikia watu kwamba hospitali za siku hizi zinapoteza muda kwa maswali.