Makiwa ya Tima

Tima hasemi asilolijua. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, atatazama juu, kisha atakwambia hajui, na wingu limetanda kote. Mimi ni mwanamke wa maneno mengi, na tabia hiyo ilinikera tangu alipohamia uani kwetu, hapa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, yeye na mumewe Jaffar. Nikamwambia, "Mwanangu, jirani ni wa kupiga soga, si wa kutoa ushahidi." Akacheka. Siku hizo alikuwa akicheka.

Jaffar alikuwa mpishi melini. Mwaka huu ni wa tano tangu meli yake ndogo ya mizigo iondoke kwenda kisiwani Ngazija na isifike. Haikuonekana meli, haikuonekana maiti, hata ubao mmoja. Basi hapakuwa na maziko, wala matanga, wala eda. Nasi majirani hatukwenda kumpa mkono wa pole, maana kumpa mkono mke wa mtu ambaye huenda yu hai ni kumwombea mumewe mauti. Tulimwambia inshallah atarudi. Mwaka wa kwanza tuliliamini neno hilo. Baadaye tulilisema kwa mazoea tu.

Tima hakulia. Aliendelea kumenya mihogo, kuikata vipande vyembamba, kuikaanga kachri na kuzifunga kwenye mifuko ya kuuza. Siku moja nilimwuliza moyo wake ukoje.

"Sisikii kitu, mama. Kama mguu uliokufa ganzi."

Nikamhimiza ale, avae, aende harusini. Alikwenda, akakaa, akarudi. Idd kwake ilikuwa sawa na Jumatatu.

Mwezi uliopita shemeji yake, Habib, ndugu ya Jaffar, alikuja kutoka Likoni na maneno mazito. Aliketi mkekani, akasema kadhi anaweza kuhukumu kwamba Jaffar amefariki. Tima akae eda yake, miezi minne na siku kumi, kisha awe huru, aolewe akipenda.

"Ntaulizwa kama naamini amekufa?" Tima akauliza.

"Utaulizwa."

"Basi mimi sijui, Habib."

"Shemeji, miaka mitano!"

"Sijui. Siwezi kusimama mbele ya kadhi nikasema nisilolijua."

Habib akanitazama nimsaidie. Nilimpigia Tima kelele hadi sauti ikanikauka. Nilimwita mkaidi, nikamwambia anajizika angali mzima. Yeye akavuta muhogo mwingine, akaendelea kumenya.

Nilikuwa nimemsahau Mercyline, mpangaji mpya, binti kutoka Kisii anayeshona kwenye kiwanda cha nguo. Alikuwa akianua nguo zake kambani na alisikia yote. Wiki ile ile tulikuwa tumempeleka matangani kwa jirani, nami mwenyewe nilimfundisha namna tunavyompa mfiwa mkono na kumwambia makiwa, naye hujibu tunayo. Habib alipoondoka, msichana yule akaja hadi mbele ya Tima, akachuchumaa, akanyoosha mkono.

"Makiwa, dada Tima."

Nilinyanyuka nimfukuze, wallahi. Nani amemtuma mtoto wa watu kumzika Jaffar?

Tima aliweka kisu chini. Alijifuta mkono kwenye leso, akaupokea ule wa Mercyline.

"Tunayo," akajibu.

Hakuuachia. Alikaa ameushika mpaka mafuta yakaanza kufuka moshi jikoni, nikaenda kuyaipua mimi. Niliporudi alikuwa bado ameushika, hajalia.

"Tima, kwani sasa umeamini?" nikamwuliza.

"Sijui kama amekufa, mama. Ila mimi nimefiwa. Hilo nalijua. Mwambie Habib nitakwenda niyaseme hayo kwa kadhi, naye aamue atakavyo."

Kisha akaniangalia. Nimewapa mkono wajane wote wa mtaa huu, na wengine hata majina yao siyajui. Huyu tunagawana ukuta mmoja, nimekula kachri zake, nimemkemea, na kwa miaka mitano sikumpa neno ambalo kila mfiwa hupewa. Niliona haya. Nikanyoosha mkono, na Tima akaningoja nilitamke neno lile.