Leseni Iliyoshonwa Shanga

Siku hizi leseni ya kuendesha gari ni kadi ya plastiki. Nilichukua yangu juzi tu, baada ya kuzungushwa vya kutosha, na nilipoipata nilisimama nje ya ofisi nikaigonga kwa ukucha. Ngumu. Sura yangu imechapwa ndani kwa ndani, haibanduki wala haikunjiki. Nilimfikiria mama mkwe wangu wa Kajiado, jinsi ambavyo angeigeuzageuza akitafuta mahali pa kupitisha sindano, akakosa, akanirudishia kwa dharau.

Leseni za zamani zilikuwa vijitabu vyekundu vya karatasi. Picha ilibandikwa kwa gundi ikapigwa muhuri, na kila ulipoenda kuilipia upya ulipewa kikaratasi cha kubandika kwenye ukurasa wa ndani. Yangu niliipata mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na nywele nyingi na shingo nyembamba ya mtu ambaye bado hajapata gari la kuendesha. Miaka kumi na kitu baadaye ilikuwa haitamaniki. Nilikuwa naendesha lori la maji Kitengela, wakati ule ambapo kila mtu alikuwa anajenga na mifereji ilikuwa mikavu, na leseni ilikaa mfuko wa nyuma wa suruali. Niliikalia, nikaitolea jasho, nikailowesha. Kurasa zilishikwa na selotepu, na selotepu yenyewe ilikuwa imechoka.

Lazima niseme kwamba mimi si mtu wa kutulia. Nikiketi, mguu unacheza. Nikisimama kwenye foleni, naanza kugombana na watu ambao hawajanikosea. Kwa hiyo lori lilipokufa injini na mwenyewe akaliuza vipande vipande, nyumba ilinishinda siku ile ile. Nilizunguka ploti, nikakaza waya wa ua ambao haukuwa umelegea, nikamfundisha mke wangu kusonga ugali, yeye aliyekuwa amenisongea tangu tuoane. Alinivumilia mpaka akachoka. "Baba watoto," aliniambia, "tafuta kazi ama utafute mahali ingine ya kuzunguka."

Kazi ikapatikana. Shule moja ya kibinafsi pale Kitengela ilikuwa imenunua basi na ilitaka dereva mtu mzima asiyelewa. Mwalimu mkuu alinipenda, nikaona kabisa amenipenda, mpaka nilipotoa leseni. Aliishika kwa vidole viwili.

"Mzee, nitaonyesha wazazi hii? Niletee leseni yenye inasomeka kabla shule zifunguliwe. La sivyo nitachukua yule mwingine."

Yule mwingine alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango, mikono magotini, ametulia tuli. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Mpango ulikuwa rahisi: Jumatatu niende Nairobi, nirudishe kijitabu kizee, nipewe kipya. Tayari kulikuwa na watu waliosema leseni za plastiki ziko njiani na kwamba mwenye akili angengoja, lakini mimi na kungoja wapi na wapi. Ijumaa niliitia leseni kwenye mfuko wa koti, koti nikalitundika msumarini karibu na mlango, nikaanza kulitazama. Jumamosi asubuhi ulivuma ule upepo wa Kitengela unaotoka upande wa mbuga na kuingia mpaka chini ya kitanda. Mke wangu alikuwa anakwenda Kajiado kumwona mama yake. Akavaa lile koti akatoka, nami nilipogundua koti halipo msumarini, yeye alikuwa ameshafika.

Hapa inafaa nieleze juu ya mama mkwe. Mke wangu ni Mmaasai, mimi ni Mkamba niliyeletwa Kitengela na kazi. Tulipooana, katikati ya miaka ya tisini, nilimpelekea mama yake kondoo jike, na kwa desturi yao tangu siku hiyo mimi na yeye tukaitana Paker, yaani wa kondoo, ili mmoja asilitaje jina la mwenzake. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa lile nililobeba kutoka kwetu. Ukambani mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia vichakani. Na mimi nilitaka sana kuonyesha kwamba hata kama ni olmeeki, mtu wa nje, nililelewa vizuri. Kila nilipokwenda bomani kwake nilisimama nje ya ua wa miiba, mgongo nimeuelekeza nyumbani, na yeye akasema yake akiwa nyuma yangu, mke wangu katikati akibeba maneno huku na huku. Hata siku ya harusi niliinamisha kichwa mpaka shingo ikauma, na yeye alijifunika shuka. Nilijua kikohozi chake, nilijua mlio wa bangili zake na wa kandambili zake zilizokatwa kwenye tairi. Uso wake, kama ningepishana nao sokoni, nisingeujua.

Sasa huyo ndiye aliyeiona leseni yangu. Mke wangu aliitoa mfukoni akitafuta leso, karatasi zikamwagika, na mama akauliza hicho ni kitu gani. Akaambiwa ni kile kinachomruhusu mkwe wake kupata chakula. Basi akasema kitu kama hicho hakiwezi kuachwa kikaoza. Akaleta kipande cha ngozi ya mbuzi, akaleta shanga.

Jumapili jioni mke wangu aliniwekea leseni mkononi, akatabasamu, akasubiri.

Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo leo, siku ile sikusema. Jalada lilikuwa limevikwa ngozi na kushonwa shanga nyekundu, buluu na za rangi ya chungwa, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Ndani, kila ukurasa uliochanika ulikuwa umeungwa kwa uzi wa nailoni, mishono imepita juu ya namba, juu ya tarehe, juu ya vile vikaratasi vya malipo. Na kuizunguka picha yangu alikuwa ameshona duara la shanga nyeupe, akaufunika muhuri wote wa serikali. Mimi nilikuwa katikati, na nywele zangu nyingi, kama mtu anayechungulia dirishani.

Nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio. Mke wangu alichukua koti, akalitundika msumarini, akaingia jikoni.

Jumatatu nilikwenda hivyo hivyo, nikijiambia karani ataelewa. Karani alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Aliifungua leseni, akaifunga, akaifungua tena.

"Hii ni leseni ama ni mshipi?"

Foleni nzima ikacheka. Nikawageukia kwa macho makali, wakacheka zaidi.

"Muhuri haionekani," aliendelea. "Namba haionekani. Enda utoe hii mapambo yote uilete vile ilikuwa. Na ujue tukikupatia mpya, hii ya zamani inabaki hapa. Nani alikushonea hii kitu?"

"Mama mkwe."

Alivua miwani akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniudhi kuliko kicheko cha wale wengine.

Niliporudi Kitengela nilipitia studio kupigwa picha za pasipoti, kwa sababu leseni mpya ingetaka picha mpya. Mpiga picha aliniambia nitulie. Nikamwambia nimetulia. Akasema mguu unaonekana hata kama hautokei kwenye picha. Nililipa nikaondoka bila kumuaga.

Nyumbani nilitafuta wembe. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na yule mtu wa kwenye benchi nilimwona kila nilipofumba macho, ametulia, anangoja basi langu. Nikaweka leseni mezani, nikaingiza ncha ya wembe chini ya uzi wa kwanza. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Kata," alisema. "Lakini unajua ni watu gani huwa anawashonea?"

"Watalii," nilisema, kwa ubaya.

"Wa watalii anashona na haraka, mishono mikubwa mikubwa. Angalia hiyo. Hivyo anashonea watoto wake peke yake."

Niliangalia. Mishono ilikuwa midogo kiasi kwamba sikuweza kuona uzi ukiingia wala ukitoka. Wembe ukanishinda. Nilikuwa nimeoa kwa mwanamke yule miaka yote, na sikuwahi kusikia kutoka kwake neno lolote la kunikubali wala la kunikataa, na sasa neno lenyewe lilikuwa hili, na serikali ilitaka nilichane. Nilihisi vibaya na nilikuwa na hasira, vyote pamoja, na sikujua nianze na kipi. Kesho yake alfajiri nikamwambia mke wangu avae, tunakwenda Kajiado. Kama ni kukatwa, basi aliyeshona ndiye akate, ama anikataze.

Boma lake lilikuwa nje kidogo ya mji, ukiacha barabara kuu na kufuata njia ya ng'ombe. Mvua haikuwa imenyesha, na vumbi lilikuwa jeupe. Nilisimama mahali pangu nje ya ua, mgongo nyumbani, uso kwenye vilima. Nilisikia bangili zikija, zikasimama.

"Takwenya, Paker," nilisalimia vilima.

"Iko, Paker," vilima vikajibu kutoka nyuma yangu.

Mke wangu alimpa leseni, akamweleza kwa Kimaasai. Alieleza kwa muda mrefu, na mimi nilihesabu mbuzi, nikapangusa kiatu kwa nyuma ya suruali, nikahesabu mbuzi tena.

"Anauliza," mke wangu alisema, "hao watu wakichukua leseni wanachukua na picha?"

"Na picha. Na kila kitu."

Wakaongea tena.

"Anasema ngozi wachukue na shanga wachukue, ziko zingine. Lakini picha abaki nayo."

Nilikaribia kugeuka kwa mshangao, nikajizuia. Nikakumbuka picha zangu za pasipoti mfukoni. Hapo ndipo tulipokuwa tumekwama tu? Nilitoa moja, nikaipitisha juu ya bega langu, mke wangu akaipokea. Nikaona jambo limekwisha, na kwamba tukifanya haraka ningewahi ofisi kabla haijafungwa. Nyuma yangu mke wangu akacheka, kicheko cha kujaribu kujizuia.

"Anasema hataki huyu. Huyu amekasirika. Anataka yule."

"Yule anatakiwa na serikali!" nilisema kwa sauti kubwa kuliko inavyoruhusiwa mbele ya mkwe. "Picha ya mtu ni picha. Ya nini hiyo ya zamani?"

Mke wangu hakutafsiri. Alikuja akasimama karibu nami, akasema kwa sauti ya chini.

"Baba watoto, hiyo picha ndiyo sura yako pekee anajua. Jumamosi aliishika mpaka chai ikapoa. Miaka yote ananiuliza, huyu bwana yako anafanana aje, na mimi nasema ni mrefu. Ningesema nini?"

"Lakini si ndiyo desturi? Mkwe hatazamwi."

"Kwetu heshima iko. Lakini sio ya kupeana mgongo hivi. Hii ni yenu. Yeye alikuona siku ya kwanza umegeuka, akajua kwenu mtu akiangaliwa na mama mkwe ni matusi. Ndiyo maana anajifunika. Ni kwa sababu yako."

Nilisimama pale na jua likanipiga kichwani. Mimi nilidhani naheshimu desturi yake, yeye alidhani anaheshimu yangu, na kati yetu ulikuwa ua wa miiba na mwanamke mmoja aliyechoka kubeba maneno. Nilitaka kumkasirikia mke wangu kwa kutoniambia. Kisha nikakumbuka jinsi mimi ninavyoambiwa mambo.

"Mbona hukusema?" niliuliza hata hivyo.

"Ungenisikiza saa ngapi? Ukifika hapa unataka kuondoka."

Nyuma yetu mama alisema maneno machache. Mke wangu alinitazama kwanza kabla ya kuyatafsiri.

"Anasema basi, serikali wachukue picha. Wewe geuka."

Watu wa kwetu watakaosoma haya wataelewa kwa nini sikugeuka mara moja. Mwili mzima ulikataa. Nilikuwa nasikia sauti ya marehemu mama yangu ikiniuliza kama nimeingiwa na wazimu. Mke wangu aliondoka ubavuni mwangu, akaenda kando, akatuacha.

Niligeuka.

Alikuwa mfupi. Kwa miaka yote nilikuwa nimempa urefu, sijui kwa nini. Shuka alikuwa ameiteremsha mabegani, kichwa kimenyolewa kinang'aa, na macho yake yalikuwa yale yale ya mke wangu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kunitajia. Alikuwa ameshika leseni mkono mmoja, sindano na kisu kidogo mkono mwingine. Alinitazama usoni, akainamia picha, akanitazama tena, bila haraka yoyote, kama ng'ombe anavyokaguliwa na mtu aliyeamua tayari kununua. Halafu akasema kitu kwa mke wangu bila kuniondolea macho.

"Anasema umekonda kuliko yule," mke wangu alitafsiri kutoka mbali. "Anauliza kama nakupa chakula."

Mama akaketi juu ya jiwe na kuanza kukata nyuzi, moja moja, akizitia shanga kwenye kiganja. Kila baada ya uzi aliinua uso akaniangalia. Kisha akanionyesha kwa kisu jiwe lililokuwa karibu na lake. Niliketi, na mguu wangu haukucheza.