Mzee Niliyempima kwa Kengele ya Lifti

Supavaiza wetu alikuwa Mkenya mwenzangu, na bado hakunipenda. Kampuni ya Wachina ya ghorofa ya kumi na tisa, kwenye jengo tulilolinda, ilipotaka mlinzi wa kukaa mapokezi, anayeweza kuita wageni majina yao bila kuwaudhi, niliinua mkono. Akacheka mbele ya zamu nzima.

"Shule ilikushinda, dada. Kichina utakitoa wapi?"

Haikunishinda. Wazazi walikufa, mimi ndiye mkubwa, nikatoka ili wadogo zangu watatu wabaki darasani. Sikumweleza. Nilikuwa nikilinda geti la maegesho huku Jumeirah Lakes Towers, Uarabuni, mwezi wa nane, na nilikuwa nimeshazimia kwa joto mara mbili. Nikizimia mara ya tatu ningerudishwa nyumbani. Nilikitaka kile kiti cha ndani.

Kichina nilijifunza kwenye simu, kwa mwalimu mmoja mwanamke. Silabi moja ina sauti nne: ya kwanza hukaa juu, ya pili hupanda, ya tatu huzama, ya nne huporomoka. Sauti ya juu ya mwalimu ililingana kabisa na kengele ya lifti yetu, basi nikaifanya kengele kuwa kipimo. Isiyoifikia, nikaiita ya chini, yaani ya tatu.

Siku ya mtihani, uliokuwa wazi kwa mlinzi yeyote, madam wa kampuni alitamka silabi, nami nikaonyesha namba ya sauti kwa vidole. Kimoja. Vinne. Viwili. Sikukosa. Kisha akamwita baba yake, mzee mwenye sauti nzito. Akatamka, nikaonyesha vitatu. Madam akatikisa kichwa: ilikuwa ya kwanza. Mzee akarudia, nami nikarudia vitatu vyangu. Akasonya.

"Khalas, imekwisha," supavaiza akasema. "Rudi juani kwako."

Sikuondoka. Hasira zilinijaa, nyingi zikiwa juu yangu mwenyewe. Lugha ya kwetu nayo hupandisha na kushusha, na sijawahi kumpima babu kwa sauti ya mtoto. Babu ana juu yake, mtoto ana juu yake. Nani alinituma kwenye kengele?

"Madam, naomba aongee kwanza. Chochote."

"Sasa anataka hadithi," supavaiza akasema.

Mzee alianza kulalamika, nadhani kuhusu chai, maana alikisukuma kikombe. Sikuelewa hata neno. Nilisikiliza tu anapofika juu kabisa na anapogota chini. Kisha akanitupia silabi kama anayefukuza paka. Ilikuwa mbali chini ya kengele, lakini kwake yeye ilikuwa juu. Nikainua kidole kimoja.

Madam akaitikia kwa kichwa.

"Amebahatisha huyu," supavaiza akasema.

"Aendelee," nikasema.

Mzee akaendelea mpaka akachoka. Nilikosa moja.

"Jumatatu, mapokezi," madam akasema.

Supavaiza hakunipongeza. Alinyoosha mkono: "Kofia ya geti ni mali ya ofisi." Nikaivua, nikamwekea mezani juu ya karatasi zake, ikiwa bado imelowa jasho.