Kijiti cha Delfina

Delfina Archuleta alizaliwa mbishi, na miaka yote aliyopiga makasia akiwapitisha wageni kwenye mto Chama haikumpunguzia ubishi hata chembe. Aliwahi kumrudisha mgeni kambini kwa miguu, jua la utosi, akaokote maganda ya machungwa aliyoyatupa. Mto huu unalindwa na sheria, na Delfina aliilinda hiyo sheria kama mali ya mama yake. Hata majivu ya moto wa kupikia aliyarudisha nyumbani ndani ya sanduku la bati. Na kila alipotua, kabla hajavua kofia, alichomeka kijiti pale maji yalipoishia. Maji yakikipita, watu wanaondoka, hata kama tonge liko mdomoni.

Mwezi wa Agosti alifanikiwa kumchukua dada yake Ramona, baada ya kumbembeleza miaka na miaka. Ramona alikuwa na magoti mabovu, hakujua kuogelea, na aliuogopa mto kuliko dhambi.

Walitua kwenye fungu la mchanga chini ya genge jekundu, fungu lililoungana na ukingo kwa njia nyembamba ya mchanga mkavu. Wakala maharage na chapati za tortila zenye pilipili za kijani. Kisha Delfina akabeba dumu kwenda chemchemini, nyuma ya miamba.

"Dada, niangalizie kijiti."

"Nenda zako. Kwani kina miguu?"

Chemchemini alisikia radi upande wa juu wa mto, akaharakisha. Aliporudi ukingoni alikitazama kijiti kwanza. Maji yalikuwa yanakigusa vilevile alivyoyaacha, na moyo ukamtulia. Halafu akaiona boti. Aliiacha mchangani, sasa ilikuwa inaelea, imevuta kamba hadi kichaka ilipofungwa kikainama. Ile njia ya mchanga haikuwepo tena. Palikuwa na maji mekundu, yanabeba magogo.

"Ramona! Kijiti umekifanya nini?"

"Kila nikisinzia kinaingia majini! Nakirudisha pembeni!"

Delfina alitamani kumzaba kofi. Lakini jaketi la kuelea la Ramona lilikuwa pale mchangani, amelifanya mto wa kulalia.

"Vaa jaketi! Panda boti!"

"Magoti, Delfina!"

"Panda, ama nikuzike leo!"

Akalitupa dumu, akaingia. Maji yalimfika kifuani, gogo likampiga nyonga, akayumba. Alipoukamata ukingo wa boti, kichaka kiling'oka na mizizi yake. Ramona, amelala kifudifudi ndani, akamshika jaketi mabegani kwa mikono yote miwili, akamvuta huku akiwaita watakatifu wote anaowajua. Delfina akajitupa kwenye makasia.

Walitua chini zaidi, kwenye mwamba mpana. Delfina alikuwa na matusi tele, ameyapanga tayari. Ramona akaokota kijiti kingine, akashuka akichechemea, akakichomeka kwenye ufa wa mwamba, pale maji yalipoishia.

"Nilidhani hakitakiwi kulowa," alisema, akaanza kulia. "Hukuniambia ni cha nini."

Matusi yalimtoka Delfina kichwani. Ni kweli. Wageni wote aliwaeleza, ila dada yake.

Akaketi karibu naye, wakakitazama. Maji yakafika, yakakizunguka. Mkono wa Ramona ukanyanyuka.

"Kiache, dada."

"Sikigusi," alisema Ramona, akaushika mkono wa mdogo wake, wakapanda juu zaidi.